Rangi Imezidi: Useme Nini, Ufanye Nini?

Barua za safari hii zimetoka Bagamoyo na Tanga, na zote zinauliza jambo lenye sura moja: kuna mtu amejipaka, ameungua au amejichubua mpaka walio karibu naye wameanza kunong'ona. Kabla hujafungua mdomo, jua kwanza rangi hiyo ni ya namna gani. Ya kupakwa hutoka kwa siku chache. Ya kuungua na jua hupoa kwa wiki moja hivi. Ya mkorogo huchukua miezi, na sehemu yake huenda isirudi. Utakachosema kinategemea hapo, na dawa yake pia.

Kaka yangu anaoa Mwingereza, harusi ni ufukweni. Alipokuja mara ya kwanza alikuwa amejipaka losheni ya kumfanya aonekane kama aliyekaa juani. Miguu ilikuwa na michirizi, viwiko na vifundo vya miguu rangi ya chungwa, viganja vya njano. Shangazi zangu walicheka mbele yake wakisema kamwagikiwa manjano. Najua safari hii atajipaka tena. Akishuka hivyo siku tatu kabla ya harusi, nimwambie? Na inatoka?
*Wifi mtu, Dunda, Bagamoyo*

Mwambie, dada, na mwambie siku hiyohiyo aliyofika, kwa sababu siku tatu zinatosha kuipunguza na siku moja haitoshi.

Mchukue pembeni, wewe na yeye tu. Usianze na uso wake wala usimpelekee vicheko vya shangazi. Anza na mahali palipokosewa: "Wifi, ile losheni imeshika zaidi kwenye viwiko na vifundo vya miguu, na picha za jioni zitaonyesha. Tunaweza kuipunguza kabla ya Jumamosi. Ungependa, au unaipenda ilivyo?" Hilo swali la mwisho uliulize kwa moyo mmoja. Kwao, tangu miaka ya 1920 hivi, ngozi iliyopigwa na jua ni dalili ya mtu aliyepata nafasi ya kwenda likizo, naye amejipaka ili apendeze mbele ya wakwe. Akisema anaipenda, msaidie kusawazisha michirizi tu, basi.

Kuhusu shangazi, wewe si wa kuwakataza. Nenda kwa aliye mkubwa wao, umwamkie, umwambie: "Shangazi, mgeni anafahamu kwamba anachekwa. Naomba utusemee." Mkubwa akikataza, wadogo watanyamaza.

Sasa rangi yenyewe. Kinachopaka ni aina ya sukari, dihaidroksiasetoni, na kwenye chupa huandikwa DHA. Katika miaka ya 1950, huko Cincinnati, Marekani, mtafiti Eva Wittgenstein alikuwa akiwanywesha watoto wagonjwa sukari hiyo kama dawa, akaona kila ilipodondokea ngozi inageuka kahawia. Inaungana na protini za tabaka la juu kabisa la ngozi, lile lililokwisha kufa. Ndiyo maana maji na sabuni haviitoi: mpaka tabaka hilo lipukutike, ambayo kwa kawaida ni siku tano hadi saba. Viwiko, magoti, vifundo na viganja vina ngozi nene na kavu, hivyo hunywa losheni zaidi. Rangi ya chungwa hutokea losheni ikiwa kali kuliko ngozi ya mtu au ikipakwa mara nyingi. Michirizi ni ya jasho, na kwa fukuto la Bagamoyo mtu hutoka jasho kabla losheni haijakauka.

Jaribu kwanza kitambaa cheupe chenye maji na sabuni, mfute sehemu ndogo ya paja. Kitambaa kikichafuka kahawia, kuna rangi ya juujuu iliyochanganywa kwenye losheni ili mpakaji aone anapopita. Hiyo inatoka kwa kuoga, na lazima itoke, la sivyo itahamia kwenye gauni jeupe kwapani na kifuani. Itakayobaki ndiyo ya DHA.

Kwa hiyo ya DHA, fanyeni kazi jioni. Aoge maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20. Kama hakuna beseni la kulala, lowesha mataulo kwenye ndoo ya maji moto kiasi, mviringishie mikono na miguu, ubadilishe yakipoa. Mkaushe. Mpake mafuta ya nazi kwa wingi, zaidi kwenye viwiko, magoti na vifundo, yakae nusu saa. Mafuta hulainisha lile tabaka la juu. Kisha chukua dodoki lililolowekwa mpaka likalainika, sugua kwa kuzungusha, polepole, dakika mbili kwa kila sehemu. Ngozi ikianza kuwa nyekundu, acha hapo. Viganja vichukue kijiko cha sukari na kijiko cha mafuta, avisugue kama anayenawa. Rudieni kesho yake jioni. Siku ya harusi msisugue kitu, apake losheni ya kawaida tu.

Haitaisha yote. Itashuka, michirizi itafifia, na kwa jua la jioni hakuna atakayeiona.

Na hapa wakwe wana kitu ambacho duka la Ulaya halina, nacho ni singo. Mkimsinga kama mnavyomsinga bibi harusi yeyote wa pwani, kazi ya kusugua imefanyika kwa heshima, na walewale shangazi waliocheka ndio watakaokaa naye. Ila mchanganyiko upunguzeni: manjano yaondoeni kabisa, yatamwongezea rangi mnayoikimbia, na karafuu pia, kwa kuwa huwasha ngozi iliyosuguliwa. Liwa, mawaridi na mrehani vinatosha. Mpakeni kidogo ndani ya mkono siku moja kabla mwone kama anavimba.

Msimpake ndimu wala limau. Mtaambiwa sana kuwa linatoa rangi, lakini maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi kisha ikapigwa na jua, huunguza: malengelenge leo, madoa meusi ya wiki kadhaa baadaye. Dawa ya madoa ya kufulia isiguse mwili wa mtu kabisa.

Kwa kuwa bado hajasafiri, mwandikie haya kabla. Ajisugue na kunyoa miguu siku moja kabla ya kujipaka. Achague losheni isiyo kali, yenye DHA kama asilimia 3 hadi 5. Viwiko, magoti, vifundo na nyayo apake kwanza mafuta laini kidogo ili visinywe sana. Anawe mikono mara amalizapo, avae nguo pana, asioge wala kutoka jasho kwa saa 6 hadi 8. Kwa hiyo ajipake kwao, kwenye baridi, asijipake hapa. Na ajue kwamba rangi hiyo haikingi jua hata chembe.

Naongoza wageni kwa mashua kwenda kwenye fungu la mchanga. Juzi mmoja alirudi mwekundu, mabega yamevimba, mimi na wenzangu tukamtania. Kesho yake hakuweza kutoka chumbani. Tulipaswa kufanya nini?
*Mwongoza wageni, Bagamoyo*

Utani uache kabisa, ndugu yetu, kwa sababu huko ni kuungua moto. Bagamoyo iko takriban digrii sita na nusu kusini mwa ikweta, jua la saa sita linasimama karibu utosini, na mchanga mweupe unalirudisha kutoka chini. Wekundu huanza kuonekana baada ya saa chache na hufika kileleni kati ya saa 12 na 24. Ukiuona bado mko kwenye mashua, ujue ubaya wenyewe haujafika, hivyo sema wakati huohuo: "Mabega yameanza kuungua, vaa shati." Mwekee kanga, mhamishie upande wa tanga lenye kivuli.

Mkifika, maji baridi ya kawaida au kitambaa kibichi dakika 10 hadi 15, mara kadhaa. Barafu isiguse ngozi. Dawa ya meno, samli na mafuta mazito msipake, vinafungia joto ndani. Utomvu wa mshubiri unafaa ngozi ikiwa haijachubuka. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini anaweza kumeza paracetamol vidonge viwili vya miligramu 500, baada ya saa 6 arudie, visizidi vinane kwa siku. Anywe maji mengi. Malengelenge msiyapasue. Homa, kutapika, kuchanganyikiwa au malengelenge yaliyotanda mgongo mzima ni ya hospitali.

Swali moja uwaulize wageni kabla ya kupanda mashua: nani anameza doxycycline? Wengi huitumia kujikinga na malaria, nayo hufanya ngozi iungue upesi kuliko kawaida. Huyo avae mikono mirefu, halafu losheni ya kuzuia jua juu ya sehemu zilizo wazi. Yenye SPF 30, yaani kipimo cha nguvu yake ya kuzuia jua, huzuia kama asilimia 97 ya miale inayounguza, lakini kwa kipimo kamili tu: kijiko cha chai kwa uso na shingo, na mililita kama 30 hadi 35 kwa mwili mzima wa mtu mzima. Wengi hupaka nusu ya hapo. Arudie kila saa mbili na kila atokapo majini.

Shangazi yangu ana miaka 52, anatumia mkorogo wa kuchanganyiwa dukani mwaka wa nne sasa. Uso umekuwa mwekundu, mashavuni kuna madoa ya weusi unaoelekea bluu, vidole vimebaki vyeusi. Watoto wa mtaa wamempa jina la soda mbili. Shughuli ya binti yake inakaribia na ameongeza kupaka. Mimi ni mdogo kwake, nitasemaje?
*Mpwa, Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga*

Barua hii imetuuma, na tunakujibu kwa kirefu.

Wewe usimkabili peke yako, mwanetu. Mtafute mtu wa rika lake anayemsikiliza, awe somo yake au shoga yake wa zamani, na huyo amwendee faragha. Neno "umeharibika" lisitamkwe, wala weupe usitajwe. Mtu aliyeanza mkorogo kwa sababu ya kusemwa, akisemwa tena huongeza kopo. Azungumze afya: "Dada, yale madoa mashavuni yanatokana na dawa yenyewe. Ukiongeza kupaka yanazidi. Twende tukaonane na daktari, mimi nakusindikiza."

Hilo la madoa ndilo kiini. Shangazi anadhani ni weusi unaorudi, ndiyo maana anaongeza. Haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi iliyomo kwenye mkorogo, ikitumika miaka, mabaki yake hujikusanya ndani ya ngozi na kuacha madoa ya weusi wa bluu, hasa kwenye mashavu na paji la uso, mahali jua linapopiga. Kila tabaka jipya la mkorogo linaongeza kitu kilekile. Vidole hubaki vyeusi kwa kuwa ngozi ya kwenye viungo ni nene na husuguliwa kila saa, dawa haiingii sawa na inavyoingia usoni. Hakuna kipimo cha mkorogo kitakachovifananisha.

Mkorogo wa dukani kwa kawaida una mambo matatu, na mchanganyaji mwenyewe mara nyingi hajui kiasi. Kuna haidrokwinoni. Kuna steroidi kali, na kwenye tyubu utasoma clobetasol au betamethasone: hizi ni dawa za daktari, zinafaa kwa ugonjwa wa ngozi kwa muda mfupi, lakini zikipakwa mwili mzima kwa miezi huchuna ngozi ikawa nyembamba, mishipa ikaonekana, chunusi na michirizi ikatoka, hata sukari na presha zikapanda. Na kuna zebaki, ambayo kwenye lebo huandikwa mercury, mercuric, mercurio au calomel, au haiandikwi kabisa. Zebaki hupenya ngozi na kuumiza figo. Haibaki kwa aliyepaka tu, inahamia kwenye taulo, mto na mikono ya wajukuu anaolala nao. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Asiache ghafla kabla ya kuonana na daktari, na hili watu wengi hawaambiwi. Aliyetumia steroidi kali mwili mzima kwa miaka, akiacha kwa siku moja, ngozi hulipuka: inawaka, inawasha, inavimba, vipele vinajaa. Mtu hudhani mwili wake unaidai ile dawa, anairudia jioni ileile. Tena mwili uliozoea steroidi kutoka nje unaweza kuwa umepunguza kutengeneza zake, na kuacha ghafla huleta uchovu mkubwa, kizunguzungu na kutapika. Daktari ndiye wa kupanga ashuke namna gani. Waende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, wabebe makopo yote, hata yasiyo na lebo. Waombe vipimo: mkojo na damu kwa ajili ya figo, na sukari na presha, ni vya lazima. Kesi ngumu hupelekwa kituo cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi. Na kama kuna upasuaji wowote mbele yake, amwambie mpasuaji mapema, maana ngozi iliyochunwa na steroidi hushonwa kwa taabu na hupona polepole.

Nyumbani, nunueni mafuta ya mgando yasiyo na harufu, asubuhi na jioni, na sabuni isiyo kali. Kofia au mtandio mpana, na losheni ya kuzuia jua yenye rangi ya kahawia ndani yake: ile rangi ni oksaidi ya chuma, na kwa ngozi yetu nyeusi husaidia kuzuia madoa kuliko losheni nyeupe. Singo asifanyiwe. Ile iliyomfaa wifi wa Bagamoyo hapo juu, hapa itatoboa ngozi. Wala asivukizwe uso.

Wiki za kwanza ataonekana vibaya kuliko sasa. Mwambieni mapema, ili asishtuke. Weusi wake wa asili utarudi kwa mabaka kwa miezi mitatu mpaka sita au zaidi, na yale madoa ya bluu huenda yasiishe, ila yataacha kuenea. Kwa shughuli ya binti yake, mpambeni, na anayempamba asome jibu linalofuata.

Nimeanza kupamba maharusi. Nikimaliza, usoni panaonekana majivu, na kwenye picha za usiku uso unakuwa mweupe shingo nyeusi. Mama wa bibi harusi mmoja alitaka nimng'arishe zaidi. Nakosea wapi?
*Mpambaji, Chumbageni, Tanga*

Majivu hutokana na fondesheni iliyopanda juu ya rangi ya mtu. Nyingi zina rangi nyeupe ndani yake ili zifunike, na juu ya ngozi nyeusi weupe huo hugeuka kijivu. Ukijaribu rangi nyuma ya mkono unajidanganya. Jaribu kwenye taya, mistari mitatu ya rangi tofauti ishuke mpaka shingoni, mbele ya mlango mchana, usubiri dakika 10 zichanganyike na mafuta ya ngozi. Unaopotea machoni ndio wake. Kama uso na shingo vinatofautiana, fuata shingo na kifua, kwani ndivyo vitakavyokaa pembeni ya gauni.

Weusi chini ya macho usiufunike kwa rangi nyeupe. Tangulia na rangi ya chungwa, nyembamba sana, kisha fondesheni. Shangazi wa Ngamiani naye vivyo hivyo kwa madoa ya mashavuni, lakini kwa kugonga na sponji mbichi, usisugue. Kama ngozi ina vidonda, usipake kitu.

Uso mweupe kwenye picha unaletwa na poda, ile nyeupe laini ya kukausha mafuta, inayorudisha mwanga wa flashi. Itumie kwenye pua na kidevu tu, iliyobaki ipanguse kwa brashi. Kabla bibi harusi hajatoka, zima taa, mpige picha kwa flashi ya simu. Kosa litaonekana ungali na brashi mkononi. Kwa joto la Tanga paka tabaka mbili nyembamba, kila moja ikauke dakika tatu; tabaka moja nene hupasuka kwenye mikunjo ya pua kabla ya shughuli kuanza.

Na mama akisema "mng'arishe", msibishane. Mwitikie, kisha ng'arisha kwa kipande kidogo cha mng'ao juu ya shavu na mfupa wa pua, umwonyeshe kwenye picha ya simu. Mara nyingi mng'ao ndio aliokuwa akiutaka.

Mke wangu akijipodoa kwa harusi huniuliza "nimependeza?" na poda imezidi. Nikisema kweli ananuna. Nijibu nini?
*Mume, Raskazone, Tanga*

Angalia saa kabla ya kujibu. Kama kuna dakika tano, taja mahali, usitaje uso mzima: "Gauni limekukaa. Hapa karibu na sikio poda imesimama, ngoja nikutoe." Lowesha kitambaa safi, kikamue mpaka kisidondoshe, ugonge kutoka katikati ya shavu kwenda kwenye taya. Usifute, utaacha mstari. Kisha ashuke na brashi ya poda mpaka shingoni. Kama gari imeshapiga honi mara ya pili, sifu gauni, chukua kitambaa hicho mfukoni, na mgonge mkiwa kwenye gari.